Baba Yake John Bunch Alikuwa Nani?

Kabla ya Juni 1640, watumishi watatu walitoroka shamba la bwana wao huko Virginia wakaingia Maryland, koloni jirani. Bwana huyo, Hugh Gwyn, alikuwa mlowezi mwenye mali na mjumbe wa bunge la koloni. Kisiwa kimoja cha Ghuba ya Chesapeake kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Watoro walikuwa Victor, Mholanzi. James Gregory, Mskoti. Na mtu mweusi aliyeandikwa kwa jina la John Punch.

Gwyn alipojua waliko, hakuhangaika kuwarudisha. Aliomba ruhusa awauze hukohuko Maryland, afidie hasara yake, yaishe. Juni 4 waheshimiwa wa Mahakama Kuu ya koloni, waliokaa Jamestown pamoja na gavana, walimkatalia. Walisema huo ungekuwa mfano wa hatari. Hofu yao haina fumbo: kilimo chote cha tumbaku kilisimama juu ya migongo ya watumishi waliofungwa kwa mikataba, na mtumishi akishajua kwamba adhabu ya kutoroka ni kubadilishiwa bwana tu, mashamba yatabaki matupu. Gavana wa Maryland akaandikiwa barua, na watatu wale wakarudishwa.

Hukumu ilitoka Julai 9. Kila mmoja achapwe viboko 30. Victor na Gregory wamalizie muda wa mikataba yao, waongeze mwaka mmoja kwa Gwyn, kisha walitumikie koloni kwa miaka mitatu. John Punch, kwa sababu ni mweusi, amtumikie bwana wake au yeyote atakayekabidhiwa haki hiyo kwa muda wote wa uhai wake, pale Virginia au kwingineko.

Walitoroka pamoja, wakakamatwa pamoja, wakahukumiwa siku moja. Wawili waliongezewa miaka inayohesabika. Wa tatu aliongezewa maisha. Wakati huo Virginia haikuwa na sheria yoyote iliyotaja utumwa wa maisha, ingawa Waafrika walikuwa wameanza kushushwa huko tangu Agosti 1619, walipofika 20 na ushei waliotekwa Angola. Ndiyo maana wanahistoria wengi huiweka hukumu ya Punch mwanzoni kabisa wanaposimulia namna utumwa wa rangi ulivyopata sura ya kisheria katika makoloni ya Waingereza ya Marekani.

Baada ya siku hiyo, karatasi hazimtaji tena. Hazitaji mke, hazitaji mtoto, hazitaji kaburi. Lakini Julai 30, 2012, kampuni ya utafiti wa nasaba ya Ancestry ilitangaza kwamba mtu huyo, kwa uwezekano mkubwa, ni babu wa rais aliyekuwa madarakani Washington, Barack Obama. Kwa wasomaji wa Kenya habari ilikuwa na kichekesho ndani yake. Weusi wa Obama dunia nzima ilikuwa ikiusoma kupitia kwa baba yake, Mjaluo wa Kogelo, ambaye ukoo wake hukaririwa mwana kwa baba: Barack, mwana wa Hussein Onyango, mwana wa Obama. Hakuna mtu wa ukoo huo aliyevushwa Atlantiki kwa minyororo. Mtumwa aliyepatikana katika nasaba ya rais alipatikana upande wa mama, Stanley Ann Dunham, mwanamke mweupe aliyezaliwa Kansas.

Nusu ya kwanza ya safari hiyo ya kurudi nyuma ni kazi ya uvumilivu tu. Mama yake Ann ni Madelyn Payne, aliyezaliwa Kansas mwaka 1922. Mama wa Madelyn ni Leona McCurry. Wa Leona ni Margaret Belle Wright. Wa Margaret ni Frances Allred. Na wa Frances ni Anna Bunch, aliyeolewa na Samuel Allred. Ni mlolongo wa wanawake pekee, na kwa kila kizazi jina la ukoo linabadilika kwa ndoa, kwa hiyo mtafiti hawezi kufuata jina. Anafuata vyeti vya ndoa, mirathi na sensa. Sensa nayo ina mpaka wake. Ile ya mwaka 1850 ndiyo ya kwanza Marekani kuandika jina la kila mtu huru katika nyumba. Kabla ya hapo anaandikwa mkuu wa kaya peke yake, na waliobaki, mke na watoto, ni tarakimu katika safu. Kuanzia kwa Anna, hata hivyo, njia inageuka kwa wanaume wa jina moja: Bunch baada ya Bunch, kutoka Tennessee kurudi Virginia, mpaka kwa John Bunch anayekadiriwa kuzaliwa miaka ya 1630.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Huyu John Bunch wa kwanza alikuwa mwana wa nani?

Anayeuliza swali hilo Virginia anakutana na moto. Ukoo wa Bunch ulijikita New Kent, kaunti iliyomegwa kutoka York mwaka 1654. York imebahatika kuwa na vitabu vya mahakama tangu 1633, lakini New Kent imebaki karibu mikono mitupu. Mwaka 1787 mtu aitwaye John Price Posey aliichoma moto ofisi ya karani wa kaunti. Alinyongwa mwaka uliofuata, lakini wosia na hati za zaidi ya miaka 100 zilikuwa zimekwisha kuwa majivu. Kilichokusanywa baada ya hapo kilipata msiba wa pili Aprili 1865, mwishoni mwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, jeshi la Kusini lilipoihama Richmond na sehemu ya mji kuteketea pamoja na nyaraka ambazo kaunti kadhaa zilikuwa zimezipeleka huko zihifadhiwe. Watafiti wa Virginia wana orodha ya kaunti za namna hiyo, na huziita kwa kifupi kaunti zilizoungua.

Moto huohuo wa 1865 ulikula vitabu vingi vya Mahakama Kuu ya koloni, kikiwemo kile kilichoandikwamo hukumu ya John Punch. Kesi yake tunaijua kwa sababu kabla ya vita kulikuwa na watu waliokwenda kunakili na kudondoa vitabu hivyo kwa mkono. Madondoo hayo H. R. McIlwaine aliyachapisha mwaka 1924 pamoja na kumbukumbu chache za asili zilizosalimika. Maana yake ni kwamba tunachokisoma leo ni maneno yaliyopita kwenye kalamu mbili: ya karani wa 1640, aliyeandika alichokisikia, na ya mnakili wa karne ya 19, aliyechagua kipi kinafaa kuhifadhiwa.

Katika mabaki hayo kuna nyuzi tatu zinazomhusu Bunch.

Uzi wa kwanza ni ardhi. Mwaka 1662 John Bunch alipewa hati ya ekari 450. Virginia ilikuwa na desturi ya kutoa ekari 50 kwa kila mtu aliyelipiwa nauli ya kuletwa koloni, na haki hizo zilinunuliwa na kuuzwa kama bidhaa nyingine. Vitabu vya hati za ardhi vilikuwa vya koloni nzima, havikuhifadhiwa kwenye kaunti, kwa hiyo viliponea. Hati hiyo haisemi lolote kuhusu rangi ya mtu. Inachosema ni kwamba miaka 22 baada ya hukumu ya Punch kulikuwa na mtu huru, mwenye mali, aliyejulikana kwa jina hilo.

Uzi wa pili ni ndoa iliyokataliwa. Mwaka 1705 John Bunch wa kizazi cha baadaye na mwanamke mweupe, Sarah Slayden, walikwenda kwa mchungaji wa parokia ya Blisland wafungishwe ndoa. Mchungaji akakataa, kwa sababu sheria ya 1691 iliagiza mtu mweupe akifunga ndoa na mweusi, chotara au Mhindi Mwekundu afukuzwe koloni ndani ya miezi mitatu. Wachumba hawakurudi nyumbani kunyamaza. Walipeleka ombi kwenye Baraza la Gavana.

Mwanasheria mkuu wa koloni, Stephens Thompson, alipoulizwa maoni yake alijikuta njia panda. Sheria ilimtaja chotara, lakini chotara ni nani? Kwa ufahamu wake, ni mtu ambaye mzazi wake mmoja ni mweusi na mwingine mweupe. Mbele yake palikuwa na suala la mtoto aliyezaliwa na mwanamke mweupe kwa baba chotara. Akaona kwamba kwa maandishi yake sheria haikumgusa mtu wa namna hiyo, ingawa ilidhaniwa kwamba walioitunga walimkusudia pia. Mwezi Oktoba mwaka uleule bunge la koloni likapitisha sheria mpya: chotara ni mtoto, mjukuu au kitukuu wa mtu mweusi. Watafiti wengine wanaona ombi la Bunch na Sarah lilichangia kuleta ufafanuzi huo. Kama ni hivyo, waliouliza kama wanaruhusiwa kuoana walisababisha mlango ufungwe kwa vizazi vitatu.

Kwa mtafuta nasaba, thamani ya shauri hilo ni kubwa kuliko matokeo yake. Limeeleza kitu ambacho hakuna cheti kilichokieleza: baba wa John Bunch mwombaji alihesabiwa chotara. Panda ngazi moja, na unamkuta mtu mweusi amezaa na mtu mweupe katika Virginia ya mwanzo kabisa. Lakini mweusi alikuwa nani kati ya hao wawili, mume au mke?

Hapo uzi wa tatu unajibu, nao haumo kwenye karatasi. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kuchanganyika sana, kwa hiyo wanaume wa ukoo mmoja huwa na alama zinazofanana hata kama wametengana miaka 300. Obama mwenyewe asingefaa kupimwa: Y yake imetoka Kogelo, na kwa upande wa Bunch mstari wa kiume ulishakatika kwa Anna. Waliopimwa ni wanaume wanaobeba jina la Bunch leo, wakiwemo wanaojihesabu weupe tangu zamani. Vipimo viliwakutanisha kwa babu mmoja, na alama zake ni za Afrika kusini mwa Sahara. Mweusi, basi, alikuwa mwanamume.

Sasa turudi kwa John Punch. Hoja ya watafiti wa Ancestry, iliyopitiwa pia na Elizabeth Shown Mills, bingwa wa fani hiyo nchini Marekani, inajengwa kwa kukusanya mambo madogo. La kwanza ni idadi. Hesabu ya wakazi ya 1625 ilipata Waafrika 23 tu Virginia nzima, na kijitabu cha 1649 kilikadiria kuwa walikuwa kama 300 pembeni ya Waingereza 15,000. Kwa hiyo tunamtafuta mtu mmoja katika kundi dogo.

La pili ni jina. Waafrika wengi wa wakati huo waliandikwa jina moja tu. Mfano uko karibu mno: Julai 22, 1640, siku 13 baada ya kesi ya Punch, mahakama ileile ilihukumu kundi jingine la watoro, watumishi wa Kapteni William Pierce. Kati yao alikuwamo mweusi aliyeitwa Emanuel, basi. Aliamriwa viboko 30, achomwe chapa ya herufi R shavuni, na afanye kazi na pingu mguuni mwaka mmoja au zaidi. Hakuongezewa muda hata siku moja, jambo linalowafanya wanahistoria kuamini kwamba muda wake ulikuwa tayari ni wa maisha. Katika kumbukumbu zilizojaa akina Emanuel, mtu mweusi mwenye jina la ukoo ni nadra, na mwenye jina linalokaribiana na Bunch ni Punch peke yake. Karani wa karne ya 17 aliandika kwa sikio. P kugeuka B halikuwa jambo la ajabu katika vitabu ambamo jina la mtu mmoja linaweza kuandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja.

La tatu ni wakati na mahali. Umri unaokadiriwa wa John Bunch wa kwanza unaangukia miaka ambayo Punch alikuwa Virginia, na New Kent imetokana na York, eneo ambalo Gwyn alikuwa na shughuli zake.

La nne ndilo zito kuliko yote: uhuru. Sheria ya Desemba 1662 iliweka kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Kabla ya hapo mambo hayakuwa yamenyooka. Mwaka 1656 Elizabeth Key, binti wa Mwingereza na mama Mwafrika, alishinda kesi ya kudai uhuru, na hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba baba yake ni mtu huru. Mtoto wa John Punch asingeweza kutumia hoja hiyo. Baada ya Julai 1640 baba yake alikuwa mtu wa kutumikia hadi kufa. Uhuru wake ulipaswa kutoka kwa mama, na mama huyo, kwa ushahidi wa 1705, alikuwa mweupe, huenda mmoja wa wasichana walioletwa kutoka Uingereza kwa mikataba ya utumishi na kufanya kazi bega kwa bega na Waafrika.

Unaweza kuupinga mlolongo huu, na wapo wanaoupinga. Hakuna hati inayosema John Bunch ni mwana wa John Punch. Vipimo vinathibitisha babu Mwafrika lakini havijui jina lake. Hukumu inajua jina lakini haijui mtoto. Pengo hilo limezibwa kwa hoja, na hoja ikiwa nzuri kiasi gani haigeuki kuwa cheti. Ancestry wenyewe walichagua maneno yao: walisema inaelekea sana kuwa hivyo. Magazeti mengi yaliliacha neno hilo nje ya vichwa vya habari, lakini anayeisoma nasaba hiyo kwa haki anapaswa kulirudisha. Kuanzia Obama hadi kwa akina Bunch wa Virginia, vizazi 12 ukimhesabu Ann kuwa wa kwanza, njia imewekwa na maandishi ya kawaida ya kazi hii. Kizazi cha 13, kile cha Punch, kimesimama juu ya hoja tulizoziona.

Wazao wa Bunch nao waligawanyika. Waliobaki Virginia walioa na kuolewa na weupe, wakapata ardhi, na baada ya vizazi vichache makarani wakaacha kuuliza. Kutoka tawi hilo ndiko alikotoka Anna. Wengine walihamia Carolina, ambako waliendelea kuandikwa miongoni mwa watu huru wasio weupe. Watafiti wa nasaba za watu huru weusi wa karne ya 18, Paul Heinegg akiwa wa mbele, wamewafuatilia hao kwa orodha za kodi, na wapo wanaomhusisha na tawi hilo Ralph Bunche, mwana wa kinyozi Fred Bunch wa Detroit, ambaye familia yake iliongeza herufi e mwishoni mwa jina.

Bunche ndiye mtu mweusi wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 1950, kwa usuluhishi wake Palestina. Miaka 13 kabla ya hapo, mwaka 1937, alikuwa London akisoma anthropolojia, na mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1938 alifika Kenya, akakaa miongoni mwa Wakikuyu wa Kiambu, na baadaye akachapisha makala kuhusu sherehe zao za irua, yaani tohara. Kama watafiti wako sahihi kuhusu matawi yote mawili, basi wana wa mtu aliyefungwa maisha Jamestown walikutana na Kenya mara mbili: mmoja akija kujifunza lugha na mila, mwingine akizaliwa na baba aliyetoka huko.

Ukizipanga karatasi zilizobaki, utaona kwamba hakuna iliyoandikwa kwa ajili ya kumhifadhi mtu. Punch tunamjua kwa kuwa alitoroka akachapwa viboko. Bunch wa 1705 tunamjua kwa kuwa alinyimwa ndoa akabisha. Angevumilia yule wa kwanza, angekubali yule wa pili, na ukoo huu ungebaki na hati za ardhi tu, ambazo haziulizi mtu ametoka wapi. Mamlaka iliandika pale ilipokaidiwa, na nasaba za maskini wa Virginia, weusi kwa weupe, zimesalia zaidi pale zilipogusana na mjeledi na mahakama.

Hiyo ndiyo sababu ya upungufu mkubwa wa hadithi yote hii, nao hauko kwa baba. Mama wa John Bunch ndiye aliyembebea uhuru, na bila yeye hoja ya nne, iliyo nzito kuliko zote, haisimami. Lakini katika kumbukumbu zilizosalia hakutoroka, hakupeleka ombi wala hakuhukumiwa, kwa hiyo hakuna karani aliyekuwa na sababu ya kumwandika jina.